Mfupa uko Bruxelles, mchanga uko kwetu



Kila mara masomo yanapofunguliwa hakukosi mtu wa kututumia ile picha ya mfupa wa Ishango, na chini yake maneno ya namna moja: hesabu ilizaliwa Kongo. Tunapiga makofi, tunaandika « fierté », halafu kila mutu anaenda zake. Mimi ninafundisha matematiki kwenye humanités, mwaka wa kumi na mbili sasa, na picha ile ikipita ninabaki na swali moja tu: yule mtoto wa kalasi yangu anayeinamisha kichwa nikimwita kwenye tablo, mfupa huu unamsaidia nini?

Siulizi kwa dharau. Mfupa ni wa kweli, ni wa kwetu, na ni wa ajabu. Lakini naona tumeufanya kama medali ya kuvaa siku ya sikukuu. Na kumbe nchi hii iko na vitu vingine, havina sifa kubwa namna ile, ambavyo vilizaa matematiki mpya kabisa, yenye kuthibitishwa na kuchapishwa, tena si zamani za kale: watu wazima kati yetu walikuwa tayari wamezaliwa. Vitu hivyo ni mchanga na nguo. Hivyo njo nataka tuzungumzie. Lakini mfupa kwanza, maana hauwezi kurukwa.

Ishango iko Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya parke ya Virunga. Mwaka 1950 mjeolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alikuwa anachimba huko. Alikuta makao ya watu wa kale waliokuwa wavuvi: mabaki ya samaki, vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, vyombo vya mawe. Katikati ya hivyo akapata kimfupa cha rangi ya kahawia, urefu wake kama sentimita 10, chenye kipande cha jiwe la kwatsi kilichochomekwa kwenye ncha moja. Juu ya mfupa kuna mikato midogo midogo, imepangwa makundi makundi, kwa safu tatu. Mwanzoni walidhani umri wake hauzidi sana miaka 10,000. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwenye tabaka za pale viliusukuma hadi karibu miaka 20,000.

Mikato yenyewe inahesabika hivi. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19: jumla 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9: tena 60. Safu ya katikati ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, halafu 5 na 7: jumla 48. Yote pamoja ni mikato 168, ingawa kuna mahali ambapo wataalamu wanabishana kama ni mkato mmoja zaidi ao pungufu, maana mfupa umechakaa.

Juu ya namba hizi watu wamejenga ghorofa. De Heinzelin mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1962 kwenye gazeti la Scientific American, aliona mchezo wa hesabu: 3 inazidishwa mara mbili inakuwa 6, 4 inakuwa 8, 10 inagawanywa inakuwa 5, kisha 10 na 1, 20 na 1, 20 kasoro 1, 10 kasoro 1, kisha 11, 13, 17, 19, zile tulizofundishwa kuziita nombres premiers, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mwaka 1972 Mmarekani Alexander Marshack akasema hapana, ile ni kalenda ya mwezi, maana mikato 60 inakaribia miezi miwili ya mwandamo. Wengine, juu ya mfupa wa pili wa pale pale, wakaona alama za watu waliokuwa na mtindo wao wa kuhesabu. Na wapo wanaosema mikato ilikatwa ili mkono usiteleze, basi.

Mimi nasimama wapi? Habari ya namba tasa siikubali. Ili ujue kama 17 ni tasa lazima uwe na wazo la kugawanya namba na kuona kwamba hakuna kinachoingia. Mikato haituonyeshi wazo hilo, na safu ya jirani ina 21 na 9, ambazo si tasa hata kidogo. Lakini mtu aliyekata 60 upande huu na 60 upande ule, huyo kwa maoni yangu alikuwa anahesabu, na alikuwa na sababu. Hapo natosheka. Mfupa uko katika Taasisi ya Sayansi Asilia huko Bruxelles, na hata ungekuwa Goma usingetujibu zaidi: aliyeukata hakuacha mtu wa kumwuliza. Kalasini unanipatia dakika kumi na tano za macho kufunguka, kisha inabidi nirudi kwenye programu.

Sasa twende Kasai.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na Mhungaria mmoja, Emil Torday, aliyekuwa anatembea kwa Bakuba na kukusanya vitu kwa ajili ya British Museum ya London. Kati ya Wabushoong, ambao ndio watu wa ufalme ule, alikuta watoto wanachora kwenye mchanga. Wakamwita acheze nao. Mchezo ni huu: uchore umbo lote bila kuinua kidole, na bila kupita mara mbili kwenye mstari ule ule. Muzungu alijaribu, akashindwa, watoto wakafurahi sana. Aliandika kisa hicho, kikalala kitabuni miaka mingi. Mwaka 1973 kikafufuliwa na Claudia Zaslavsky katika kitabu chake Africa Counts. Na huyo mama hakuwa profesa mkubwa wa chuo kikuu. Alikuwa mwalimu wa matematiki wa sekondari huko Marekani, mwenye wanafunzi, kaye za kusahihisha na yote tunayoyajua.

Juu ya nini kisa cha watoto kimwamshe mwalimu wa matematiki? Kwa sababu swali lile lile lilikuwa limekwisha kuulizwa mahali pengine, na likazaa tawi zima la elimu. Mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, ulikuwa na madaraja 7 juu ya mto Pregel, yaliyounganisha sehemu 4 za nchi kavu. Watu wa mji walijiuliza: mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia? Leonhard Euler akajibu, katika karatasi yenye mwaka 1736: haiwezekani. Na hakujibu kwa kujaribu njia zote. Alisema hivi: kila mahali unapopita katikati ya safari, unaingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Kwa hiyo njia za mahali hapo zinakwenda mbili mbili. Kama mahali pana njia 3 ao 5, yaani impair, basi pale ni lazima uanzie ao uishie. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Kwa hiyo mahali pa impair haziwezi kupita mbili. Königsberg ilikuwa nazo nne. Imekwisha.

Ni uthibitisho unaoweza kuelezwa kwa mtu aliyeketi barazani akimenya maharagi, na ndiyo maana naupenda. Leo wazo hilo liko ndani ya programu nyingi zinazounganisha vipande vya ADN ili kusoma kiumbe kizima, na ndani ya kazi ya kupanga njia za magari yanayopita kila barabara ya mji.

Nilileta mchezo huu kalasini bila kutaja Euler. Niliwaambia wachore mstatili, na ndani yake msalaba wa kona kwa kona. Bila kuinua biki, bila kurudia. Kalasi ya watoto zaidi ya sitini ikanyamaza, jambo ambalo halitokei kila siku. Baada ya muda mmoja wa nyuma akapaaza sauti: « Mwalimu, hii inakatala! » Nikasema vizuri, sasa ongezeni paa juu, iwe nyumba. Wakaongeza mistari miwili, na ghafla wengine wakaanza kufaulu. Msichana mmoja akasimama, karibu na hasira: « Lakini umeongeza kazi, na kazi imekuwa mwepesi. Iko namna gani? »

Swali la yule msichana lina thamani kuliko picha ya mfupa. Tukahesabu pamoja. Mstatili wenye msalaba: kila kona ina njia tatu, kona nne zote ni impair, haiwezi. Ukiweka paa, kona mbili za juu zinapata njia nne, ncha ya paa ina mbili, zinabaki kona mbili tu za chini zenye njia tatu. Inaweza, lakini paka ukianzia chini. Waliokuwa wameshindwa na nyumba ni wale walioanzia juu. Na kumbukeni, umbo la namna hii halina ruhusa nyingine: anayelimaliza ni lazima awe ameanzia kwenye moja ya zile pembe mbili. Kwa hiyo mtoto wa Kibushoong aliyelimaliza kila jioni bila kukosea alijua pa kuanzia. Hakuandika kwa nini. Alijua.

Kusini-magharibi zaidi kuna mchanga mwingine, na huo ni wa watu wazima. Watshokwe wako Lualaba na Kwango kwetu, wako kaskazini-mashariki ya Angola, wako Zambia pia. Mipaka iliwakata watu wa lugha moja vipande vitatu. Walikuwa na kazi ya kuchora wanayoiita sona, na mchoro mmoja ni lusona. Mjuzi anasafisha udongo kwa kiganja. Anabonyeza nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kwa umbali sawa sawa. Kisha anaanza hadithi, ao fumbo, ao habari ya mnyama, na kidole kinatembea kati ya nukta, kinazunguka, kinarudi, bila kusimama. Hadithi ikiisha na mstari umejifunga. Ukisimama katikati watu wanajua hujakomaa. Vijana walianza kujifunza michoro mwepesi kwenye mukanda, kambi ya jando, na ile migumu ilibaki kwa wajuzi wachache. Upepo ukipita, mchoro umekwenda.

Ndiyo maana ilibaki michache tu iliyookolewa. Mreno Mário Fontinha alikusanya mamia ya michoro upande wa Angola, na mkusanyo wake ulitoka Lisbon mwaka 1983. Mtu aliyeisoma kwa jicho la mwanamatematiki alikuwa Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952, akahamia Msumbiji baada ya uhuru wa nchi ile, akawa mwananchi wa kule na kufundisha walimu hadi kifo chake mwaka 2014. Swali lake la kwanza lilikuwa la kialimu: nchi imepata uhuru, watoto wanaambiwa matematiki ilitoka Ugiriki na kupita Ulaya, nitaanzia wapi ili wasijione wageni? Aliangalia wakulima wanavyopima msingi wa nyumba kwa kamba mbili za urefu sawa zilizofungwa pamoja katikati: ukizinyoosha, ncha nne zinakupa mstatili kamili. Mafundi wetu wa hapa nao wana yao, ile ya kupima 60 upande huu, 80 upande ule, na kutafuta 100 kwa kukata kona. Hawajamsikia Pythagoras na nyumba imesimama.

Lakini kwenye sona Gerdes alipata kitu kikubwa zaidi ya mfano wa kufundishia. Tuchukue namna moja ya michoro, ile inayofanana na mkeka uliosukwa. Weka nukta kwa mstatili. Mstari unakwenda mshazari kati ya nukta, ukifika ukingoni unagonga na kurudi, kama mpira kwenye ukuta. Mara nyingine mstari mmoja unazunguka nukta zote na kujifunga. Mara nyingine unajifunga mapema, na nukta nyingine zinabaki peke yao, inabidi uanze mstari wa pili, hata wa tatu. Kwa mjuzi wa Kitshokwe, uzuri ni mstari mmoja. Sasa, utajuaje mapema?

Ukiwa na mistari 5 ya nukta na safu 6, unatosha mstari mmoja. Ukiwa na 4 na 6, unahitaji miwili. Ukiwa na 3 na 3, mitatu. Wale walionifuata bila kulala wameshaona: ni PGCD. Ile ile PGCD tuliyoisoma kwa fimbo mwaka wa kwanza, bila kuambiwa ni ya kazi gani. Idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha pamoja cha namba mbili za mstatili. Na ukitaka kuona sababu, kata mraba kwenye mstatili: 4 kwa 6, toa mraba wa 4 kwa 4, inabaki 4 kwa 2, toa mraba wa 2 kwa 2, inabaki 2 kwa 2. Kukata mraba hakubadilishi idadi ya mistari. Mraba wa mwisho una 2, jibu ni 2. Huo ni ule mtindo wa Euclid wa kutafuta PGCD kwa kutoa na kutoa, lakini hapa unauona kwa macho, unaugusa kwa kidole.

Kalasini nilitumia maharagi kwa nukta na chaki sakafuni. Sitasema kila mtoto alielewa. Nitasema hivi: kwa mara ya kwanza watoto walibishana juu ya PGCD wakati wa mapumziko.

Gerdes hakuishia hapo. Alichukua mchoro wa mstari mmoja na kuupaka rangi kwa zamu, kiraba cheusi, kiraba cheupe, kufuata safari ya mstari. Yakatokea mapambo ya ajabu: kila mstari wa viraba na kila safu ina vyeusi sawa na vyeupe. Aliyaita michoro ya Lunda, kwa heshima ya nchi walikotoka Watshokwe. Akabadilisha rangi kuwa namba, akapata majedwali ya namba, matrices, yenye tabia ambazo hazikuwa zimeandikwa na mtu kabla yake. Akathibitisha theorem juu yake, akachapisha. Someni tena polepole. Mtu anayezungusha kidole kwenye vumbi la Dilolo ao la Dundo amekuwa chanzo cha algebra mpya. Hii haihitaji tuongeze chumvi kama tunavyoongeza kwenye mfupa. Iko na uthibitisho, mtu yeyote anaweza kuupitia kwa biki yake.

Nguo za Bakuba nitazisema kwa ufupi, juu ya kwamba wengi wenu mmeona ile « velours du Kasaï » ukutani kwa wakubwa. Wanaume wanafuma kitambaa cha nyuzi za raffia, wanawake wanashona juu yake mapambo na kukata nyuzi hadi ziwe laini kama mahameli. Mapambo yanajirudia, yanageuka, yanajitazama kama kwenye kioo. Wanamatematiki wanajua kwamba pambo linalojirudia kwa mstari mmoja lina namna 7 tu za kujirudia, na linalojaza uwanja mzima lina namna 17 tu, hata uwe na ubunifu gani. Hesabu ya 17 ilithibitishwa mwaka 1891 na Mrusi Yevgraf Fedorov, ambaye kazi yake ilikuwa kristali za mawe. Ndiyo maana wajeolojia wetu wa Lubumbashi wanakutana na elimu hii wanaposoma madini. Mwaka 1924 George Pólya aliipata tena na kuichorea picha, na picha hizo zilimfikia M. C. Escher, mchoraji wa Uholanzi, akazisoma na kuzifanyia kazi maisha yake. Mwaka 1971 Donald Crowe wa chuo kikuu cha Wisconsin akapekua sanaa ya Bakuba na kuhesabu. Alikuta zote 7 za mstari, na 12 kati ya zile 17 za uwanja.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa sita ninaacha swali. Kati ya 17, ziko 5 zinazotaka pambo lizungushwe theluthi ya duara na libaki lile lile. Nyuzi za kitambaa zinakatana kwa pembe mraba. Kwa nini kitambaa kitazikataa hizo tano? Wakijibu vizuri wameelewa mizunguko kuliko kwa kukariri kurasa ishirini.

Na inasimuliwa kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Bakuba pikipiki, wakitumaini atashangaa. Pikipiki haikumshika. Kilichomshika ni alama ya tairi kwenye mchanga. Akaamuru inakiliwe, ikawa pambo lenye jina lake. Wengine wanacheka kisa hiki kama cha mtu asiyejua mashine. Mimi naona mfalme aliyejua kuangalia.

Hesabuni sasa majina niliyotaja: de Heinzelin, Torday, Zaslavsky, Fontinha, Gerdes, Crowe. Siwalaumu, wengine walifanya kazi ya heshima. Lakini hakuna hata mmoja aliyezaliwa Kivu, Kasai ao Lualaba. Kwa zamani sababu zinajulikana: shule za ukoloni zilitaka makarani na wasaidizi, na chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Kwa leo sababu ni zipi? Mwenzangu mmoja alipeleka mada yake ya TFC kwenye chuo ambacho sitakitaja: alitaka kuhesabu mizunguko kwenye vikapu vinavyosukwa na mama zake wa kijijini. Alijibiwa kwamba ile si matematiki, apeleke kwa watu wa mila. Akarudi na mada juu ya equation differentielle, aliyoinakili kwa TFC ya mwaka uliotangulia, ambayo nayo ilinakiliwa. Akapata distinction. Vikapu viko palepale.

Na kinachonisumbua usiku ni kwamba mchanga haungoji. Mfupa umekaa miaka 20,000 na bado uko, kwa kuwa ni mfupa. Lusona inaishi kichwani mwa mzee, na mzee wa Kahemba ao wa Sandoa aliyejifunza kwenye mukanda kabla ya uhuru leo amepita miaka sabini na kitu. Mitihani yetu haina hata swali moja linalomgusa. Mjukuu wake ana simu yenye kamera, na anaitumia kurekodi nyimbo za harusi.

Kwa hiyo, bandugu, yule anayekwenda vakansi huko kusini ao Kasai, tusikae paka kutuma picha. Mukimpata mzee anayechora, ama mama anayesuka, rekodi mkono tangu mwanzo, si kazi iliyoisha peke yake, maana siri iko pa kuanzia. Andika nukta ngapi kwa ngapi. Uliza jina la pambo, na uliza jina la kosa, yaani wanasemaje mstari ukijifunga mapema. Mlipe mtu huyo muda wake. Kisha tuma hapa, mimi na wenzangu wawili wa hesabu tutaanza kupanga.

Kwa wale wanaobaki nyumbani: chukueni maharagi, mupange mistari 8 na safu 12, muanze kona ya chini. Andikeni huku chini mistari mingapi ilihitajika, na mulikata miraba gani kufika kwenye jibu. Wale wa promosheni za zamani wasisaidiwe na watoto.